Jumapili Niliyowamwagia Moshi Wakimbiaji wa Remera

Naanza na aibu yenyewe, asije mtu mwingine akawasimulia akaongeza chumvi: mimi ndiye yule mwanaume wa suti ya kijivu aliyesukumwa akiwa ndani ya gari na watu karibu arobaini waliovaa kaptura, Jumapili asubuhi, kwenye barabara kubwa ya Remera, hapa Kigali, siku ambayo gari halitakiwi kuonekana pale hata kwa bahati mbaya. Na kama mliiona ile video (najua mliiona, dada yangu aliyeko Ngara aliiona kabla mimi mwenyewe sijafika nyumbani), basi ile sauti inayopiga kelele "Mama, shika mlango!" ni yangu.

Sasa nieleze nilifikaje pale.

Mimi ni mtu wa kuzunguka. Nilizaliwa Ngara, upande wa Tanzania, kwa wazazi waliokimbia Rwanda zamani, nikasoma mpaka kidato cha nne, halafu badala ya kutafuta kazi ya maana nikadandia lori kama utingo, na kwa miaka mingi nyumbani kwangu palikuwa popote lori lilipolala: Kahama, Nyakanazi, Bujumbura, Goma, Kampala, nikiitaja tu bado nasikia harufu ya chapati za asubuhi na dizeli (ndiyo, vyote pamoja, msinicheke, ndivyo ilivyokuwa). Hatimaye nikatua Kigali, nikapanga nyumba Niboye, nikafungua duka dogo la vitasa na bawaba, nikanunua gari dogo lililozeeka kama mimi, nikaliita Rusumo kwa kumbukumbu ya daraja nililovuka siku ya kuja. Na miaka ya arobaini ilipoanza kunikaba nikakutana na Veneranda.

Veneranda ni fundi cherehani wa Kabeza, mjane, mcheshi, alikulia Bujumbura, na Kiswahili chake ndicho kilichoniangusha, maana Kigali inaweza kupita wiki nzima hujapata mtu wa kupiga naye soga ndefu kwa Kiswahili. Tulikuwa tumeshakubaliana mambo yote makubwa. Limebaki moja: mama yake. Mama Veneranda anaishi Huye, ni bibi mwembamba asiyepoteza maneno, na alipoambiwa kwamba mchumba wa binti yake ameshaishi miji minane aliuliza swali moja tu kwenye simu: "Na kila mji ameacha mke mmoja ama wawili?"

(Jibu ni hakuna hata mmoja. Lakini hebu jaribu kumthibitishia mtu kitu ambacho hakipo.)

Basi ikaamuliwa kwamba Mama aje Kigali Jumamosi, alale kwa binti yake, na Jumapili nimpeleke Misa ya saa mbili katika parokia moja upande wa Kimihurura, ambako kuna padri mzee aliyewabatiza watoto wa Mama huko Burundi. "Nitamwangalia siku hiyo moja," alisema Mama. "Inatosha. Nikimkataa, mwanangu, usilie." Yaani yote yaliningoja hapo, kwenye safari moja ya gari.

Na gari lilikuwa linaumwa.

Rusumo lilikuwa linakunywa petroli kama ng'ombe wa kiangazi, linatoa moshi mweusi, na ukilizima ukaenda kununua mkate, ukirudi haliwaki mpaka ulibembeleze. Ijumaa nikalipeleka kwa fundi wangu, Papa Dede, Mkongo wa Bukavu ambaye ana gereji ndogo hapo Niboye. Papa Dede hakuhangaika. Alifungua boneti, akatafuta mpira mwembamba unaotoka kwenye injini na kuingia kwenye kidude kimoja cha chuma, kama kizibo kikubwa cha chupa, akauchomoa, akaunusa, akanipa na mimi ninuse. Petroli tupu.

"Muzee Deo," akasema, "huu mupira unapashwa kuvuta hewa tu. Ukikuta esansi ndani, ujue ngozi ya ndani ilipasuka. Regilateri njo ilikufa."

Regilateri ndicho hicho kidude. Kazi yake ni kutuliza presha ya mafuta: pampu inasukuma petroli kutoka tangini, injini inachukua inachohitaji, na inayozidi regilateri inairudisha tangini kupitia mpira mwingine mnene kidogo. Papa Dede akafunga saa yake ya kupimia presha, mshale ukakaa chini, halafu akachukua koleo akaubana ule mpira wa kurudishia kidogo tu, kama mtu anayemfinya mtoto sikio, na mshale ukaruka juu.

"Ona, pompi iko nzima. Lakini usibane murefu. Esansi ikikosa njia ya kurudi, itaenda wapi? Itaenda yote ndani ya moteri."

Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Na kweli nilielewa, ndiyo maana aibu yangu haina pa kujificha.

Shida ni kwamba Papa Dede hakuwa na regilateri mpya, na Jumamosi alikuwa na harusi ya mtoto wa kaka yake. "Leta Jumatatu," akasema, "ni kazi ya nusu saa. Jumapili panda teksi." Teksi! Nimpandishe mkwe mtarajiwa kwenye gari la mtu mwingine, aseme huyu hata gari hana? Nikaenda mjini nikakipata hicho kidude dukani, na Jumamosi saa tisa alasiri nikakunja mikono ya shati mbele ya nyumba yangu.

Hapo ndipo alipokuja jirani yangu Gaspard na kikombe chake cha chai. Gaspard ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu mzuri sana, ila ana tabia ya kusimama karibu na mtu anayefanya kazi na kuuliza maswali.

"Deo, hiyo kazi unaiweza?"

"Gaspard, mimi nimeshusha injini ya lori pale Nyakanazi mvua inanyesha."

(Nilichofanya Nyakanazi ni kumulika tochi. Na dereva alinigombeza kwa kumulika vibaya.)

"Sasa umejuaje kwamba ni hicho ndicho kimekufa?"

Jamani, kama ningemjibu "fundi ameniambia" tungemaliza, ningekuwa sasa hivi nawaandikia habari nyingine kabisa. Lakini nikataka kumwonyesha. Nikawasha gari, nikamchomolea ule mpira mwembamba akanusa, akasema "ehe!", utamu wa ile "ehe" ukaniingia kichwani, nikachukua koleo yangu ya kujifunga, ile ukishaibana inajishikilia yenyewe, nikabana mpira wa kurudishia mafuta, injini ikabadilisha sauti, nikasema, "Umesikia? Pampu iko nzima," nikaongea kuhusu presha kama dakika tatu, Gaspard akawa anatikisa kichwa kama mwanafunzi wake mwenyewe. Nikazima gari. Nikaanza kufungua boliti za regilateri.

Papa Dede alikuwa ameniambia kitu kuhusu kuishusha presha kwanza kabla ya kufungua. Nilikikumbuka petroli iliponirukia kidevuni.

Ikaniloesha kidevu, shingo, kifua, mpaka ndani ya sikio la kushoto. Gaspard akaruka nyuma na chai yake. Nikashika kitambaa cha deki nikakitupa juu ya mipira yote ile ili kizuie matone, nikafuta uso kwa shati, na wakati huo huo simu ikaita, ni Veneranda: Mama amefika, ameuliza kama mimi ni mrefu, nivae suti ipi, nisichelewe, saa kumi na mbili na nusu niwe mlangoni, na jamani nisisahau kwamba kesho ni ile Jumapili ya barabara bila magari.

"Najua, najua," nikasema. Sikuwa najua. Kwa wasio wa hapa: Jumapili kadhaa za mwezi Kigali hufunga barabara zake kubwa kuanzia saa moja mpaka saa nne asubuhi, magari yanakaa nyumbani, watu wanatoka na kaptura kukimbia, kuendesha baiskeli na kuvuta hewa safi. Barabara ya Remera tuliyotakiwa kupita imo. Nikapiga hesabu haraka: tukiondoka Kabeza saa kumi na mbili na nusu, kabla ya saa moja tumeshapita. Hakuna tatizo.

Nikarudi kwenye gari na akili yote iko kwenye suti. Nikapachika regilateri mpya, nikapaka mafuta kidogo kwenye kipete chake cha mpira ili kisikatike, nikakaza, nikarudisha ule mpira mwembamba, nikafunga boneti. Nikawasha. Rusumo likawaka papo hapo, kwa kishindo, na nyuma likatoa wingu.

"Mbona moshi ni mwingi kuliko mwanzo?" akauliza Gaspard.

"Ni ule wa zamani," nikamwambia. "Unajisafisha."

Asubuhi nilioga mara mbili kwa sabuni ya kufulia, nikajipaka manukato kama nusu chupa, nikavaa suti ya kijivu, nikafika Kabeza saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano. Njiani Rusumo lilikuwa linakohoa kidogo, nikasema ni baridi.

Mama Veneranda akatoka amevaa mushanana wa rangi ya dhahabu, ule mtandio wetu wa heshima unaofungwa begani, na rozari mkononi. Akanitazama toka viatu mpaka nywele. Nikamsalimu kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Nikamfungulia mlango wa mbele. Akakaa, akavuta hewa puani mara mbili.

"Hapa kuna mtu amemwaga petroli?"

"Ni manukato, Mama."

Nyuma yangu Veneranda akanifinya bega kwa nguvu sana.

"Haya," akasema Mama. "Tusali kwanza."

Nilidhani atasema Baba Yetu mmoja, tuondoke. Alisali fungu zima la rozari, taratibu, kila Salamu Maria na pumzi yake, nami nimefumba jicho moja, la pili liko kwenye saa. Halafu akaombea safari. Halafu akaombea madereva wote wa Rwanda. Halafu wa Burundi. Tulipofika kwenye njia panda ya barabara kubwa ilikuwa imebaki dakika nne kufika saa moja, na askari wa barabarani, dada mmoja mrefu, alikuwa tayari anaburuta koni kufunga njia.

Nikateremsha kioo, nikaonyesha kwa mkono mama mzee aliyevaa vile, rozari, kila kitu. Nikamwambia kwa sauti ya unyonge, "Afande, ni Misa."

Akamtazama Mama, akalainika. "Sawa, Muzee. Lakini haraka! Ni wewe wa mwisho kabisa."

Nikamshukuru, nikakanyaga mafuta kwa furaha, Rusumo likaruka mbele kama mita mia tatu hivi, likapiga chafya, likatoa wingu jeusi lililofunika kioo chote cha nyuma, likazima. Katikati. Kwenye mwanzo wa kimlima.

Nikajaribu tena, likazunguka tu. Nikajaribu tena. Nyuma kwenye kioo nikaona yule askari anaweka koni ya mwisho, kisha anageuka, ananiona, anaweka mikono kiunoni.

"Deo," akasema Veneranda kwa sauti ndogo. "Washa gari."

"Ndiyo ninachofanya."

"Kuna kelele gani hiyo?" akauliza Mama.

Ilikuwa miguu. Nilikuwa nimesikia mlio kama huo zamani tu, ng'ombe wakishuka mto Ruvubu kunywa maji, ila hawa walikuwa watu, mamia, wamevaa fulana nyeupe zinazofanana, wanakuja nyuma yetu wakiimba, na mbele yao kijana mmoja mwenye suruali ya kubana ya kijani na kipaza sauti, mwalimu wa mazoezi, anarukaruka kinyumenyume bila hata kutazama anakokwenda, mpaka mgongo wake ukagonga buti ya Rusumo.

Akageuka. Akatazama gari, akanitazama mimi na tai yangu, akatazama mushanana wa Mama. Mtu wa kawaida angeuliza kuna nini. Yeye akainua kipaza sauti.

"Bavandimwe!" akasema, yaani ndugu zangu. "Leo tumeletewa kifaa cha mazoezi!"

Kundi zima likashangilia.

"Hapana, hapana," nikasema nikitoka nje, "naomba tu mnisaidie kulitoa pembeni..."

"Muzee, rudi ndani ushike usukani! Hii iko nzuri kwa mapaja!"

Veneranda akateremka haraka, akasimama pembeni, akajifunika uso kwa mkoba. Mama hakuteremka. Nilimwomba. "Mushanana haukimbii," akanijibu, akakunja mikono, akakaa. Nikarudi ndani. Kwenye kioo naona vipara, vilemba, vijana wawili wenye baiskeli wameziacha chini, mama mmoja mnene anasukuma kwa makalio huku anacheka, na yule mwalimu anahesabu kwa kipaza sauti: "Rimwe! Kabiri! Gatatu! Pumua! Rimwe! Kabiri! Gatatu! Wewe wa nyuma, goti juu!" Na Rusumo likaanza kupanda kimlima, taratibu, mimi na mama mkwe tumekaa tukitazama mbele kama bwana na bibi harusi wazee.

"Kila Jumapili mnafanya hivi huku Kigali?" akauliza Mama.

"Hapana, Mama."

"Hm."

Pale juu barabara ikageuka kuteremka, na ule uutingo wa zamani ukanipanda kichwani. Nikajiambia: hapa hapa, weka gia ya pili, achia klachi, litawaka, tutaondoka zetu, na hii itakuwa hadithi ya kuchekesha ya mezani. Nikatoa kichwa nje nikapiga kelele, "Sukumeni ya mwisho! Ya nguvu!" Wakasukuma ya nguvu. Wakati huo huo Mama, ambaye alikuwa ametosheka na mchezo, akaamua kwamba sasa atateremka, akafungua mlango. Nikaachia klachi.

Likawaka, ndugu zangu. Likawaka kwa mlipuko kama wa baruti, "Mama, shika mlango!" nikapiga ile kelele mliyoisikia, Mama akaurudisha mlango kwa mkono wenye rozari, na petroli yote iliyokuwa imejaa mle ndani ikatoka nyuma kama masizi ya majungu kumi ya harusi. Nilitazama kioo mara moja tu. Zile fulana nyeupe hazikuwa nyeupe tena. Mwalimu wa mazoezi alikuwa amesimama mguu mmoja juu, kipaza sauti mdomoni, uso mweusi, macho meupe mawili, na bado anasema, bila nguvu, "Pumua..."

Halikwenda mbali. Likatetemeka, likazima tena, likateleza lenyewe kwenye mteremko huku nimekanyaga breki, likasimama bampa ikigusa meza ya ndizi, mbele ya hema jeupe la wauguzi wanaopima afya za wakimbiaji bure. Chane tatu zikadondokea juu ya boneti. Halafu muuguzi mmoja, binti mpole sana, akaja dirishani kwangu, akanitazama, na kabla sijasema neno akanifunga kile kitambaa cha kupimia mkononi.

"Baba, presha yako iko juu sana," akasema. "Unatakiwa upumzike."

Kundi likatufikia. Sasa Kigali nzima ni mafundi: mmoja anasema ni plagi, mwingine betri, kijana mmoja anasema siku hizi ni kompyuta tu, lipigwe kompyuta (gari lenye umri wake mara moja na nusu!), mzee mmoja anasema lisukumwe tena. Yule dada askari naye amefika akitembea, haharakishi. Nikafungua boneti. Harufu ya petroli ikatupiga wote. Mimi natazama regilateri yangu mpya inayong'aa, nasema kwa sauti ili wasikie, "Nimewekewa kitu kibovu dukani," na watu wanasema, "Eeh, wanatuuzia vibovu."

"Sogeeni," ikasema sauti nyuma yetu.

Wakasogea, kwa sababu ile sauti hata mimi ningeipisha. Mama alikuwa ameupandisha mushanana kidogo, ameinama juu ya injini kama anayetazama kitanda cha mgonjwa. Akakitoa kile kitambaa cha deki kwa ncha za vidole. Chini yake, imeng'ang'ania mpira wa kurudishia mafuta, vishikio vyekundu, ipo koleo yangu.

Niliisahau tangu jana. Nilibana mpira kumwonyesha Gaspard, nikamwagikiwa, nikatupa kitambaa, simu ikaita. Usiku kucha, safari yote, Salamu Maria zote zile, petroli iliyozidi haikuwa na njia ya kurudi tangini, ikawa inaingia yote kwenye injini, kama nilivyoambiwa, na mtu anayejua, kwa maneno ambayo mtoto angeyaelewa.

"Nilikuwa muuguzi Bujumbura miaka thelathini," akasema Mama. "Mrija ukiufunga hivi, kitu hakipiti. Mimi sijui gari. Lakini huu ni mrija, na hii imeufunga. Sivyo?"

"Ndivyo, Mama."

"Fundi gani huyu kaacha chombo ndani ya mgonjwa?" akasema yule mzee wa kulisukuma tena, na wengine wakadakia: "Mafundi wa siku hizi!", "Huyo apelekwe polisi!", na dada askari akatoa kidaftari kabisa, akauliza, "Ni fundi nani, Muzee? Anafanyia wapi?"

Sasa niwaambie ukweli. Jina la Papa Dede lilikuja mpaka kwenye ulimi. Lilikuwa limekaa pale, tamu, limeiva. Papa Dede yuko kitandani analala uchovu wa harusi, hatajua. Watu wote wananionea huruma. Veneranda amefika, anahema, mkoba mkononi, ananitazama. Na Mama ananitazama.

"Hakuna fundi," nikasema. "Ni mimi. Fundi alinikataza. Nilikuwa namwonyesha jirani kwamba najua."

Kicheko kilichotoka pale nilikisikia mpaka kwenye meno. Yule mama mnene alikaa chini barabarani. Mwalimu wa mazoezi alicheka mpaka masizi yakachora mistari mashavuni. Hata dada askari alifunga kidaftari, akageuka upande, mabega yanatikisika. Simu zote ziko juu, zinarekodi. Nikaifungua koleo, kitu kikapiga "psss" ndani ya mpira, nikaiweka mfukoni mwa suti, kisha nikaenda kwa wale watu wenye fulana nyeusi, mmoja mmoja, kuomba radhi. Walikuwa wengi. Ilichukua muda.

Tulipolipumzisha kidogo, Rusumo likawaka laini, bila moshi, bila kikohozi, regilateri mpya inafanya kazi yake safi kabisa. Lakini dada askari akasema kuwaka ni kuwaka na kutembea ni kutembea, gari halitoki pale mpaka saa nne. Tukaenda Misa kwa miguu. Mama mbele, na mushanana wake wa dhahabu, katikati ya wakimbiaji, na wallahi alinipita kwenye vilima vyote viwili.

Tulifika mahubiri yanaisha. Jasho lilikuwa limeiamsha tena petroli ya jana, benchi letu likaanza kupata nafasi kidogo kidogo, watu wanasogea, mpaka mzee mmoja wa kanisa akaja kwa adabu kunong'ona kama ningependa kukaa mbali na mishumaa. Nikahamia karibu na mlango. Kutoka pale niliona mabega ya Mama yakitikisika, nikadhani analia kwa aibu ya kuletwa kanisani na mtu kama mimi. Baada ya Misa akamsalimia padri wake mzee, wakashikana mikono muda mrefu, wakaongea Kirundi, padri akanitazama juu ya miwani, akacheka hadi akaishika miwani isidondoke. Nikajua kwamba basi, imekwisha. Nikaanza kuwaza miji. Mtwara sijawahi kukaa.

Mama akaja pale nilipokuwa nimesimama, nje, Veneranda pembeni yake anauma kidole.

"Deo."

"Naam, Mama."

"Wewe gari hujui."

"Sijui, Mama."

"Kunukia hujui. Njia hujui, maana barabara ilikuwa imefungwa. Kuwahi hujui."

(Kuhusu kuwahi nilitaka kusema neno juu ya madereva wa Burundi. Nikanyamaza. Hata mimi kuna siku huwa na akili.)

"Lakini pale kwenye hema nilikuwa nangoja useme ni fundi. Marehemu mume wangu, hata kikombe akikivunja yeye mwenyewe, alikuwa anasema ni paka. Miaka arobaini na moja, Deo. Na hatukuwa na paka."

Akapanga mushanana wake begani.

"Utakuja Huye unisalimie, na huyu, na wakubwa wako wa kuongea. Ila njoo na basi."

Nimekwenda mara nne sasa, zote kwa basi, na mara ya mwisho tulikwenda na wajomba zangu kutoka Ngara, na yote yalikwenda vizuri isipokuwa mjomba mmoja aliyewaonyesha wakwe ile video. Papa Dede nilimweleza kila kitu Jumatatu ile ile. Alicheka siku mbili, kisha akaniomba hiyo koleo, akaitundika ukutani gereji kwake, na kila mteja anayesema "nitafanya mwenyewe" anaelekezwa aitazame.

Mimi nimeapa, na nawaapia na ninyi: presha ya mafuta sipimi, regilateri sigusi, na mbele ya Gaspard hata msumari sipigilii. Boneti naifungua kwa jambo moja tu, kuongeza maji ya kuoshea kioo, na hata hapo Veneranda anatoka ndani na kikombe chake cha chai, anasimama pembeni, na hanipi ruhusa ya kufunga mpaka nimwonyeshe mikono yote miwili.